Binti wa Kisiwani na Maji Yanayomzunguka

DADA: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu. Karibuni katika kipindi hiki tunachokirekodi ndani ya nyumba yetu ya mawe hapa Lamu, na mkimsikia punda akilia kichochoroni mtuwie radhi, kwa kuwa joto la kaskazi limetuzuia kufunga dirisha. Leo ninazungumza na mwenzangu, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, kuhusu malezi ya binti yake wa miaka saba. Ndugu yangu, umeomba tusilitaje jina lake.

KAKA: Wa alaikumu salaam, dada. Nimeomba hivyo kwa sababu maneno haya yatabaki yakisikilizwa hata atakapokuwa mtu mzima, na sijioni kuwa na ruhusa ya kumtangaza kabla hajafikia umri wa kuamua mwenyewe. Tumwite binti yangu, inatosha.

DADA: Basi tuanze na lile lililotufanya tujadiliane mwaka mzima, yaani kumfundisha kuogelea.

KAKA: Lilianzia ndani ya boti. Tulikuwa tukirudi kutoka Mokowe, upepo wa kusi umekaza, naye amevaa jaketi la kuokolea maisha lililomfika magotini kwa kuwa lilikuwa la mtu mzima. Akaniuliza, "Baba, nikianguka nifanye nini?" Nikamwambia kwamba nitamshika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe ukianguka?" Sikuwa na la kumjibu. Mtoto huyu huvuka maji akienda bara, huvuka akienda kwa jamaa zetu Faza, na hata mgeni wetu akishuka uwanja wa ndege wa Manda tunavuka kumpokea. Pamoja na hayo yote, somo pekee nililokuwa nimempa kuhusu bahari lilikuwa kuiogopa.

DADA: Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji katika mwaka 2021 peke yake. Nilipoisoma idadi hiyo niliwaza habari yangu mwenyewe, kwa maana mimi nimezaliwa kisiwani, nimelelewa kisiwani, na kuogelea sijui.

KAKA: Nami naikumbuka siku uliyoitwa. Ulikuwa na miaka tisa, mimi saba. Maji yalikuwa yamejaa, wavulana tunaruka kutoka gatini, nawe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuelea penye kina kidogo. Bibi akamtuma mtu akuite. Ukafungwa kanga kavu, ukaongozwa nyumbani, nami nikabaki majini mpaka adhana ya magharibi. Iliniwia vigumu kulisema hili mbele yako, dada, lakini kwa miaka thelathini sikujiuliza hata mara moja kwa nini niliachwa mimi ukaitwa wewe.

DADA: Simlaumu bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alinisitiri kwa njia aliyoijua, kwani gatini hapakosi mabaharia na wachukuzi, na msichana mwenye nguo zilizolowa hapaswi kusimama hapo. Kinachoniuma ni kwamba hapakuwa na mtu aliyefikiri kunitafutia mahali pengine. Ufuo wa kisiwa hiki ni mrefu, na asubuhi kuna sehemu zisizo na macho ya mtu.

KAKA: Hapo ndipo nilipoanzia. Tulikwenda upande wa Shela, ndani ya mkondo ambako maji hutulia, kabla ya kufikia ule ufuo mrefu unaoelekea bahari kuu na mawimbi yake. Nilichagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa nguvu na mkondo unaweza kumchukua hata mtu mzima. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba alijifunza hesabu za bahari kabla ya kujifunza kuogelea. Nilimweleza kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini, naye akaanza kuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake saa ya kujaa na umbo la mwezi. Siku moja alinirudisha nyumbani kutoka mlangoni, akaniambia kwamba tukifika tutakuta mchanga mtupu. Alikuwa amesema kweli.

DADA: Na majini penyewe?

KAKA: Alianza kwa kuelea chali, mkono wangu ukiwa chini ya mgongo wake. Tulifanya hivyo wiki tatu. Asubuhi moja akasema kwa upole, "Baba, unanibana." Nilipoutazama mkono wangu niliona vidole vimekaza kama nimeshika kamba ya jahazi. Yeye alikuwa ametulia. Hofu ilikuwa yangu, nami nilikuwa nikiitia mwilini mwake. Nikaulegeza mkono, kisha nikauondoa. Akaelea. Nilisimama pale maji yakinifika kifuani, machozi yananitoka, nikiwa hatua moja tu kutoka kwake, maana kujua kuogelea hakumwondolei mtoto haja ya mtu mzima wa kumwangalia.

DADA: Mama mkwe wako hakuridhika mara moja.

KAKA: Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimkumbusha maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea, naye akanijibu kwamba maneno hayo anayajua, anachotaka kujua ni binti atavaa nini. Ndiyo maana nilikuja kwako.

DADA: Nikamshonea suruali na kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichonywa maji mengi, ili isimvute chini. Sasa nina swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Atakapofika miaka tisa, kisha kumi, na watu wakaanza kusema, ni nani atakayesimama ufuoni kumwita?

KAKA: Dada, sitaki kutoa ahadi ya kupendeza masikio ya wasikilizaji. Najua kwamba maneno ya majirani yana uzito, na kwamba mimi ni mtu wa mji huu. Ninaloweza kusema leo ni kwamba, kama mahali tunapokwenda patakuwa hapafai tena, nitatafuta pengine, na mama yake amekwisha kusema kwamba atakuja nasi.

DADA: Wifi aliniambia. Basi nami nikwambie jambo ambalo hukuliona nilipokukabidhi ile nguo: kwenye miguu na mikono nimeacha upindo wa vidole vinne, ili tuufungue kadiri anavyokua.