Jikoni Siku ya Krismasi, kwa Kimo cha Mtoto wa Miaka Miwili

Asante, mwenyekiti. Kina mama, kina baba, na nyie bibi na babu mliokaa mbele, hamjambo. Kwenye ratiba wameandika "Malezi na sikukuu". Mimi nitaishia jikoni, kama kawaida yangu. Naona kuna wanaocheka. Cheka tu mama, hiyo meza yako ya Krismasi tunaifikia sasa hivi.

Leo ukifika nyumbani, ingia jikoni, piga magoti, kisha kalia visigino. Sasa uko kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili. Ana sentimita 85 hivi, na akinyoosha mkono anafika karibu mita moja. Meza ya kawaida haifiki sentimita 80. Tazama huku na huku kabla hujainuka. Utaona mpini wa kikaango umetokeza nje, waya wa birika la umeme unaning'inia, na jiko la mkaa liko usawa wa magoti yake.

Halafu nenda sebuleni ufanye hivyo hivyo. Mwaka mzima meza iko tupu. Tarehe 25 kinatolewa kitambaa cha wageni, kile kilichofumwa, kinashuka pande zote nne. Juu yake mnapanga chupa ya chai, bakuli la supu na vikombe. Mtoto anayejifunza kusimama hana shida na chai yenu, anatafuta kitu cha kushika ainuke. Anashika ncha ya kitambaa, anavuta huku anatazama juu. Ndiyo maana anaungua uso, shingo, kifua na bega.

Mtaniambia chai ilikwishakaa. Imekaa wapi? Ndani ya chupa ambayo kazi yake ni kutunza moto! Kinywaji cha nyuzi 60 wewe unakipiga funda na kusema ni cha kawaida. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba, na joto hilo hilo likimmwagikia linapenya ndani kwa sekunde chache. Basi kunja ncha za kitambaa uziingize chini uzibane, au kitambaa kibaki kabatini mpaka mdogo wenu akue. Chupa ikae juu ya kabati refu, amimine mtu mmoja. Na baba, hunywi chai huku umempakata mtoto, hata kama ndiye anayekupenda kuliko wote.

Sasa mafuta. Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100. Mafuta ya maandazi yanafika 170 au 180, halafu yananata mwilini, hayatiririki kama maji. Karai halina haki ya kuwa motoni wakati watoto wako macho. Hilo linawezekana. Kanda unga usiku wa mkesha: kwa kilo moja ya unga tia robo kijiko cha chai cha hamira, ukande kwa maji ya baridi, ufunike. Ukitia kijiko kizima kama unavyozoea, kwa joto letu la Dar utaukuta umefura mpaka umelala tena, na maandazi yatakuwa na uchachu. Saa 11 alfajiri sukuma, kata, acha yaumuke kidogo, kaanga. Saa 1 karai liwe limeshaepuliwa na limepoa mahali pa juu. Ukichelewa, mwaka huo kula mkate, Krismasi haitafutwa.

Kuna mama huwa ananiuliza, "Sasa mtoto atajifunza lini kupika?" Atajifunza, ila mbali na moto. Wa miaka minne anaweza kukata maandazi kwa mdomo wa glasi ya plastiki kwenye meza nyingine, mkesha, kwa kipande cha unga ulichompa achezee. Anaweza kuchambua mchele kwenye ungo, kubambua vitunguu saumu, kupanga vijiko, kufunga riboni kwenye tawi la mvinje. Mtoto mwenye kazi haji kukuvuta kanga ukiwa umeshika sufuria. Anayefukuzwa "toka hapa" ndiye anayerudi kimya kimya.

Na wale wa "mbona sisi tulikulia jikoni na hatukuungua"? Waliosalimika ndio wanaosema hivyo. Wenye makovu wameyafunika kwa nguo za mikono mirefu.

Pilau. Kilo tatu za mchele kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni hatari iliyosimama wima. Sufuria ni pana kuliko mtungi, uzito wote uko juu, na mtoto akijigonga tu kila kitu kinalala upande wake. Mtungi huo ni wa chai na mayai. Sufuria kubwa iinjikwe kwenye jiko pana lililokaa sawasawa, na mahali hapo pazungushiwe mabenchi, mita moja kila upande. Mnaopalia mkaa juu ya mfuniko, angalieni unapofunua: kaa linadondoka, na mdogo yuko peku.

Baada ya kupika, majivu. Hili watu hawalijui, nalo linaniudhi. Mnamwaga majivu pembeni ya ua, juu yameshakuwa meupe, mnaona yamekufa. Ndani makaa yanabaki hai kwa saa nyingi. Jioni watoto wanakimbizana, mmoja anakanyaga katikati, na kwa sababu mguu umezama hawezi kuutoa upesi. Mwagia maji, koroga kwa kijiti, mwagia tena, kisha yakae kwenye debe la bati lenye mfuniko.

Mlinzi. Nyumba ina shangazi watatu, mama wadogo wawili na dada, na mtoto hana mtu. Kila mmoja anadhani yuko kwa mwenzake. Mtajeni mmoja kwa jina, ambaye hapiki wala hapokei wageni. Baada ya saa moja anakabidhi kwa mdomo: "Baraka na Neema wako kwako." Mwingine ajibu: "Wako kwangu." Kina baba, zamu hiyo inawahusu, msinitazame hivyo.

Sasa, akiungua. Hapa naomba simu ziwekwe chini. Mwondoe kwenye moto. Vua nguo iliyolowa haraka, maana inaendelea kumpika, lakini iliyogandamana na ngozi iache. Toa bangili na shanga kabla hajavimba. Kisha maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Siyo dakika mbili halafu mnakimbilia bodaboda. Joto limeshaingia chini ya ngozi na linaendelea kuunguza, maji ndiyo yanayolitoa. Hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Bomba likikauka, na sikukuu linakauka, muwe na ndoo mbili za lita 20 zilizojazwa tangu tarehe 24, zisiguswe kwa kuosha vyombo, zifunikwe vizuri mtoto asije akazama humo. Kwa kopo la nusu lita, kopo moja kila robo dakika, ndoo mbili zinatosha dakika 20. Mwili uliobaki mfunike, mtoto mdogo anashikwa na baridi upesi.

Hatupaki dawa ya meno. Hatupaki yai, asali, unga, siagi, wala mafuta ya breki. Najua bibi yako alipaka ukapona; ungepona bila yai pia, na pengine bila usaha. Barafu nayo hapana, inaumiza ngozi iliyokwishaumia. Malengelenge msiyatoboe. Funikeni kwa nailoni safi ya kufungia chakula au kipande cha kanga iliyofuliwa, mwende hospitali kama ni uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kiungo, au kama jeraha limezidi kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole. Kiganja hicho ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Na kama ni mchanga wa chini ya mwaka mmoja, nendeni tu, msipime.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi yaliyobaki mbio mbio.

Karanga nzima, chini ya miaka mitano, hapana, zinaingia njia ya hewa, zisage. Puto likipasuka okota vipande vyote, mtoto akivuta kimoja kooni hakitoki kirahisi. Midoli ya kuimba na kumetameta ina betri bapa ndogo kama za saa: ikimezwa na kukwama kooni inaanza kuchoma ndani ya saa mbili. Kifuniko chake kiwe na skrubu. Kama hakina, usinunue. Akimeza, hospitali wakati huo huo, msisubiri itoke chooni.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Siku ambayo kila mtoto anawaza soda! Hamisheni leo. Akinywa, msimtapishe, msimpe maziwa: yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu. Hospitali.

Pilau lisilale nje. Likikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto, kuna vijidudu vya wali vinavyotoa sumu ambayo kuipasha moto hakuiui. Gawa kwenye sahani pana lipoe, liingie friji. Huna friji, pika kidogo. Na mtoto ale saa 6 mchana, asiwasubiri wageni wa saa 9.

Mnaopanda kwenda Moshi, kule kuna kuni, ndafu na wajukuu ishirini uani, na hilo lilitaka mhadhara wake. Wekeni benchi, wekeni mlinzi, bebeni nailoni. Habari za mikanda kwenye gari nilikuwa nimeiandaa, haitaingia leo. Maswali. Tuanze na yule baba aliyenuna niliposema zamu.