Dira, Makadirio na Mkaa: Jinsi Ramani ya Lewis na Clark Ilivyopatikana

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1803 Marekani iliinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Eneo hilo lilizidi kilomita za mraba milioni mbili. Mataifa yaliyoishi humo hayakuulizwa neno, na mnunuzi mwenyewe hakujua mipaka yake. Rais Jefferson akawatuma Meriwether Lewis na William Clark waufuate mto Missouri hadi kwenye chanzo, kisha wavuke milima mpaka Pasifiki. Waliondoka Mei 1804, wakarejea St. Louis Septemba 1806. Nitazungumzia ramani tu, maana sifa hupewa vyombo vya kupimia nyota, na mimi naona sifa hiyo imepelekwa pasipo pake.

Tuanze na longitudo, yaani umbali wa mahali kuelekea mashariki au magharibi. Lewis alinunua Philadelphia, kwa dola 250, kronomita, yaani saa ya usahihi inayotunza wakati wa mahali palipojulikana ili ulinganishwe na wakati wa jua pale ulipo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikipotoka dakika moja, longitudo hupotoka robo ya digrii. Kwenye latitudo ya 47 hizo ni kilomita 19 hivi. Kronomita ile ilisimama njiani, tena si mara moja. Ikisimama, inabidi saa sahihi itafutwe upya kwa kupima kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, pembe kati ya mwezi na jua au nyota. Mwezi husogea nusu digrii tu kwa saa mbele ya nyota, hivyo ukikosea sehemu moja ya 60 ya digrii katika kupima, longitudo inakosewa karibu nusu digrii. Baada ya safari, mwanahisabati Ferdinand Hassler alikabidhiwa vipimo hivyo, akashindwa kuvikokotoa.

Latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini, ilikuwa nafuu, kwani hupatikana kwa kupima kimo cha jua la adhuhuri juu ya upeo. Bara hakuna upeo wa bahari, basi maji huwekwa kwenye chombo, hupimwa pembe kati ya jua na taswira yake majini, kisha hugawanywa kwa mbili. Upepo ukivuma, taswira huvurugika. Na wakati wa kiangazi jua la adhuhuri hupita digrii 60, pembe maradufu ikapita 120, sekstanti isifike. Hapo Lewis alitumia oktanti, chombo kingine cha kupimia pembe, kwa kutazama kinyume.

Uti wa mgongo wa ramani ulikuwa kazi ya Clark. Kila mto ulipopinda alisoma dira, akakadiria umbali hadi rasi au kisiwa cha mbele, akaandika. Siku moja ilijaa mistari mingi ya namna hiyo. Hatari yake ni kwamba makosa hujumlishana: dira ikipotoka digrii moja tu, kila kilomita 100 unatoka nje ya mstari kwa kilomita 1.75. Ndiyo sababu walipima pia tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi.

Lakini dira haimwambii mtu kilicho mbele. Hayo waliyapata kwenye ngome yao ya Fort Mandan, majira ya baridi ya 1804 na 1805, kwa wenyeji wa huko, Wamandan na Wahidatsa, waliowaeleza mito ya magharibi na kuwachorea, hata kwa mkaa juu ya ngozi. Juni 1805 walifika mahali mto ulipogawanyika pande mbili. Tawi la kaskazini lilikuwa na matope kama Missouri waliyoizoea, na wapiga makasia wote wakaamini ndilo. Viongozi walipeleleza matawi yote mawili, wakaamua la kusini: maji yake maangavu na changarawe zake zilionyesha linatoka milimani karibu, ilhali matope huokotwa na mto uliotambaa sana tambarare. Wahidatsa walikuwa wamesema Missouri ina maporomoko makubwa. Tarehe 13 Juni Lewis aliyafikia kwenye tawi la kusini.

Ramani iliyochapishwa mwaka 1814 haikuishia kwenye safari hiyo. Clark aliendelea kuijaza akiwa St. Louis kwa habari za wawindaji kama John Colter na George Drouillard, ambao wote wawili walikuwa wamesafiri naye. Sehemu ambazo Clark hakuzikanyaga kabisa ziliingia kwa maneno yao, na kwa maneno ya wenyeji waliowaelekeza.