Kizuri Hakijiuzi

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Katika usaili wangu wa kwanza wa maana niliulizwa natarajia mshahara gani. Nikataja kiwango nilichokuwa nimekifanyia mazoezi usiku kucha. Yule mama aliyekuwa akinisaili akainama kuandika. Zikapita sekunde tatu, labda nne, nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Lakini hata chini ya hapo tunaweza kuelewana." Hakuwa amepinga, wala hakuwa amesema neno. Alikuwa anaandika tu, nami nikajipunguzia mwenyewe. Chekeni tu, mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuicheka.

Tumekuzwa na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bidhaa inayoonekana, sawa. Lakini anayepanga mshahara wako mara nyingi hajawahi kukuona ukifanya kazi. Anachokiona ni karatasi na mtu aliyeketi mbele yake, na huyo mtu akinyamaza imebaki karatasi.

Najua mtasema hampendi kujigamba. Hata mimi sipendi. "Mimi ni mchapakazi, najituma, napenda kushirikiana na wenzangu": maneno haya husemwa na kila anayeingia chumbani, kwa hiyo hayamtofautishi yeyote. Sasa sikilizeni hili: "Nilipokabidhiwa ripoti ya mwezi, ilikuwa ikichukua siku tisa. Nilipoondoka ilikuwa inachukua siku tatu." Humo hamna sifa hata moja, ila msikilizaji ameshakusifu kimoyomoyo. Mambo kama hayo yaandike kila mwezi, ungali unayakumbuka. Ukingoja wiki ya usaili utakumbuka uchovu tu. Na kama kazi mliifanya wengi, taja sehemu yako, maana msaili mzoefu atakuuliza.

Shida zako ziache nyumbani. Kodi imepanda, ada inadaiwa. Ni kweli na ni nzito, lakini hazimwambii mwajiri kazi yako ina thamani gani. Ukikubali kulipwa kwa kipimo cha shida, basi asiye na shida alipwe kidogo?

Nani ataje tarakimu kwanza? Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la bahati lililochezewa ili lisimame kwenye 10 au 65. Kisha watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10 walikisia 25 kwa wastani wa kati. Walioangukiwa na 65 walikisia 45. Gurudumu linajua nini kuhusu Umoja wa Mataifa? Tarakimu iliyotangulia huvuta mawazo, hata ikiwa ya kipuuzi. Kwa hiyo ukiijua bei ya kazi hiyo, tangulia wewe. Usipoijua, uliza nafasi imetengewa kiasi gani, kuanzia wapi hadi wapi. Na wakikuuliza mshahara wa zamani, huo nao ni gurudumu. Rudisha mazungumzo kwenye majukumu ya kazi mpya.

Msidhani nafanya tofauti ndogo kuwa kubwa. Chukua watu wawili, mmoja aanze kwa 100 kwa mwaka, mwingine 110, wote waongezwe asilimia 5 kila mwaka. Katika miaka 30 wa pili atakuwa amepokea takriban 664 zaidi. Hiyo ni zaidi ya mishahara sita ya mwaka mzima ya yule wa kwanza alipoanza, na chanzo chake ni mazungumzo ya dakika chache.

Sasa zile sekunde. Taja kiwango, toa sababu moja, nyamaza. Mtafute rafiki umfanyie mazoezi, na umwambie kazi yake ni kukukodolea macho tu bila kujibu. Zoezi hili lina ukatili kidogo, lakini hakuna jingine lililonisaidia zaidi yake.

Miaka kadhaa baadaye niliketi tena kwenye kiti kama kile. Nikataja, nikaeleza, nikafunga mdomo, vidole vya miguu nimevikunja ndani ya viatu. Msaili akaandika, akafunua ukurasa, akaandika tena. Kisha akasema, "Hicho sitakifikia, ila naweza kukikaribia. Na siku za likizo unataka ngapi?"