Pigo Lisilochelewa: Kompyuta na Mota za Mashine ya Kuchonga

ATUPELE: Karibuni tena, tupo Mbeya. Kaka Gwakisa, maseremala wanaofuata mbao Mafinga wanauliza kila siku: kompyuta ya zamani yenye poti ya printa inaweza kuendesha mashine ya kuchonga milango?

GWAKISA: Inaweza, dada, tena vizuri sana. Poti ile ina pini 25, na za data ni nane, namba 2 mpaka 9. Programu ikiandika moja kwenye anwani yake, kwa kawaida 0x378, pini inapanda mpaka karibu volti 5. Pini moja unaipa kazi ya hatua, nyingine mwelekeo, zote zinaingia kwenye draiva, kifaa kinachoipa mota umeme wake. Pigo moja la umeme, hatua moja ya mota.

ATUPELE: Hatua yenyewe ni kiasi gani?

GWAKISA: Mota nyingi za aina hii, zinazokwenda hatua kwa hatua (stepper), huenda nyuzi 1.8 kwa hatua, kwa hiyo mzunguko mzima ni hatua 200. Draiva ikigawa kila hatua mara 10, yanakuwa mapigo 2,000. Skrubu ikisogeza milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita inakula mapigo 400. Sasa unataka biti, ile ncha inayochonga, iende milimita 25 kwa sekunde...

ATUPELE: Mapigo 10,000!

GWAKISA: Kila sekunde. Yaani moja kila mikrosekunde 100. Windows ya kawaida inakwama hapo, hata kompyuta iwe na nguvu namna gani, kwa sababu ina mambo mengi ya kuhudumia. Ni kama mpiga ngoma anayepokea simu watu wakiwa uwanjani wanacheza. Ikichelewa milisekunde moja tu, mapigo kumi hayakufika. Mota iliyokuwa inakimbia inasimama ghafla, halafu inaambiwa ikimbie tena. Inanguruma, inapoteza hatua, na mashine yenyewe haina habari. Ua la mlango linahama mahali pake.

ATUPELE: Nawaonea huruma mafundi. Wanailaumu mota, wananunua kubwa zaidi.

GWAKISA: Pesa inapotea bure. Kama una kompyuta hiyo, weka LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine kama hizi, yenye kiini cha muda halisi, yaani kinachotanguliza mapigo kabla ya kazi nyingine. Ina kipimo cha ucheleweshaji, kiendeshe kabla hujanunua kitu kingine. Ila anayeanza leo ningemwambia achukue Arduino Uno, kibodi kidogo cha saketi, yenye GRBL, programu ya kutoa mapigo ya mota. Chipu yake inagonga mara milioni 16 kwa sekunde, na kazi yake ni hiyo moja. Kompyuta inatuma mistari ya maelekezo tu.

ATUPELE: Na zile waya za kugeuza USB kuwa poti ya printa?

GWAKISA: Hapana kabisa. USB inasafirisha data kwa mafungu, huwezi kuipangia mikrosekunde. Hizo ni za printa.

ATUPELE: Fundi atajuaje kama hatua zinapotea?

GWAKISA: Achore alama ya penseli kwenye ubao, ashushe ncha ya biti juu yake. Aipeleke mashine mbali na kuirudisha, mara nyingi, kwa kasi ya kazi. Ncha ikirudi pembeni ya alama, apunguze kwanza mchapuko wa kuanzia, yaani jinsi mota inavyoongeza kasi haraka, arudie. Ikiendelea kuhama hata polepole, akague nyaya na skrubu za kapulingi, kiungo cha mota na skrubu ya kusogeza.