Kupatana kwanza, ndafu baadae

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe sana. Nasalimia kote kote mana humu ukumbini naona wa Roma mpo na Walutheri mpo, na wazee wangu shikamooni. Nimeombwa niongee na familia zetu za hapa Dar kuhusu msimu wa Krismasi, na mi ni mtu wa Kilimanjaro kwaiyo ntaongelea kwetu, wale wa Bukoba na Mbeya na Songea mtachukua kinachowafaa mana na nyie najua mwezi wa 12 hamkai mjini.

Sa hivi ni mwisho wa Novemba na watu washaanza kuulizana, unapanda lini? Tiketi za kuanzia tarehe 20 zinaanza kuadimika, wenye magari wanapeleka gereji, wengine wanawaza treni mana toka Desemba 2019 treni ya abiria ya Moshi ilirudi baada ya miaka mingi sana ya kukaa bila, na toka Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kwaiyo wapo watakaoondoka jioni wakaamkie Same. Njia ile tunaijua wote, Chalinze, Segera, Mombo, Same, Mwanga, Himo, alafu kila mtu na barabara yake ya kupanda mlimani. Kwenye barabara ntasema moja tu niiache: msikimbizane. Mama anayekusubiri na mtori jikoni hajakwambia ufike saa ngapi.

Nilichokuja kusema hasa ni hiki. Krismasi ya kwetu ina mpangilio wake, wazee waliupanga vizuri na kanisa likaukuta likaubariki, na huo mpangilio unaanza na kupatana, alafu ibada, alafu kula, alafu kikao. Sisi wa mjini tumebakiza kula. Tunafika tarehe 24 usiku tumechoka, 25 asubuhi kanisani mbio mbio, mchana nyama, jioni bia, 26 nyama tena, 27 watu washaanza kuangalia saa kwamba nirudi kabla foleni haijaanza. Na lile neno lililokaa moyoni kwa kaka yako toka mwaka jana umeliacha pale pale ulipolikuta. Mi hilo linaniumiza sana ndugu zangu, yani tunatumia hela yote hiyo, tunakaa barabarani siku nzima, alafu tunakaa meza moja na mtu ambae hatusemezani.

Wazee walikuwa na masale. Watoto wenu wanayaona yale majani marefu ya kijani kwenye mipaka ya kihamba, yani shamba la ukoo, na kwenye makaburi, wanadhani ni maua ya kupendezesha. Waambieni. Mtu akimkosea mwenzie akatafuta mtu wa heshima wa kumpelekea sale, yule aliekosewa akiliona anajua huyu amekuja kuomba msamaha, na kulikataa sale ni jambo zito, jamii nzima inakushangaa. Hakuna hotuba ndefu pale. Anaeletewa analipokea, anakaa kimya, mzee aliekuja nalo anasema maneno machache, wanapanga siku ya kukaa, na pombe ikiletwa wanakunywa pamoja mbele za watu ili ijulikane yamekwisha. Sasa mkifungua Mathayo sura ya 5 mnakuta Bwana Yesu anasema ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno na wewe, iache hapo hapo, nenda ukapatane kwanza, alafu ndo urudi uitoe. Kwaiyo babu zetu walivyosikia neno hilo hawakulisikia kama kitu kigeni, walikuwa na jani lake shambani.

Na hili si langu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig kule Ujerumani walifika Machame 1893, na baadae akaja Bruno Gutmann akakaa Old Moshi miaka mingi mpaka 1938, yule mzee wa Kijerumani alijifunza Kichagga na mila kwa kina kuliko wageni wengi, na msimamo wake ulikuwa kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo vilivyopo tayari, ukoo, majirani, na watu wa rika moja. Yapo aliyoyaona vibaya, alikuwa na woga na shule na mji na maendeleo ambao Wachagga wenyewe hawakukubaliana nao, na wakaenda shule kweli kweli. Lakini kwenye ukoo mi naona alikuwa sahihi. Imani yetu mlimani haikuja mtu mmoja mmoja, ilikuja kwa familia, na ukienda makaburini kwetu kihambani unawaona wamelala mstari mmoja, aliebatizwa uzeeni na mjukuu wake aliebatizwa mchanga.

Kwaiyo ombi langu la kwanza. Mwenye kitu na ndugu yake asisubiri tarehe 25. Majilio ni Jumapili 4, hizo ndo za kazi hiyo. Piga simu sasa hivi, mwambie kaka nikija nataka tukae mi na wewe kabla ya wengine. Kama simu hapokei mtume shangazi. Mnajua shangazi kwenye ukoo wetu ana mdomo unaosikilizwa, akisema njooni hapa wote wawili mnakuja. Na mkikaa, ongeeni lile lile, msizunguke kwenye hali ya hewa na siasa, kama ni hela ya matibabu ya mama uliichangia mwenyewe wenzio wakanyamaza, sema, kama ni mpaka wa shamba, sema.

Sasa ibada. Kule kwetu kwenye usharika wenye tarumbeta, alfajiri ya Krismasi unaamshwa na tarumbeta, bado giza, baridi ya mlimani, Kibo, kile kilele cha mlima, iko wazi kabisa juu kama mawingu hayajapanda, na wale vijana wanapuliza nyimbo za Kijerumani ambazo babu zao walipuliza. Watoto wa Dar wanatetemeka lakini nawaambia hawasahau. Msiwaache wamelala eti wamechoka na safari, waamsheni, wavisheni sweta, waende.

Alafu baada ya ibada kuna mnada pale nje, na hapa naomba msikimbilie magari. Bibi kaleta mkungu wa ndizi, mwingine kaleta kuku, mwingine mayai kwenye bakuli, mwingine parachichi, ndo sadaka yake mana hela taslimu hana. Mzee wa kanisa anainua kuku juu anaita bei, elfu 15, elfu 20, wewe uliotoka mjini unafika elfu 50 unanunua, alafu unasema irudi mnadani, inauzwa tena, mara ya mwisho mtu anainunua anamkabidhi mjane aliekaa nyuma. Nimeona mtoto mdogo akipewa na baba yake elfu 5 aende kununua mayai kwa mkono wake mwenyewe, akainua mkono anaona aibu, na mzee wa mnada akawanyamazisha watu wazima wote akasema huyu ndo mnunuzi, hakuna kuongeza. Akabeba lile bakuli akampelekea bibi yake. Yule mtoto huna haja ya kumfundisha sadaka ni nini.

Twende kwenye kula, na hapa najua mlikuwa mnanisubiri. Ndafu ni nzuri, mbuzi mzima amechomwa amekaa mezani na majani mdomoni, lakini ile ndafu ya ukumbini ni ya harusi, nyumbani mbuzi anachinjwa anagawanywa, na kwenye kugawanya ndo kuna mambo. Kila kipande kina mwenyewe. Kidari kina mwenyewe, baba au mkubwa wa ukoo, huwezi ukakichoma tu ukala na marafiki ulokuja nao kutoka mjini. Damu haimwagwi ovyo inaenda kwenye kisusio, ile supu ya damu, na mama aliejifungua karibuni anapewa mtori na supu kabla ya yeyote. Mtoto akitumwa na sahani ampelekee baba mdogo nyumba ya tatu kule chini, anajua njia, anajua baba mdogo ni nani, anajua kwanini yeye kapewa kile na sio kingine. Tukiagiza nyama ya kuchoma pale senta tukala kwenye viti vya plastiki tunakuwa tumeshiba lakini yule mtoto hajatumwa popote, na baba mdogo amekaa kwake anasikia moshi wa nyama na hakuna alieleta.

Niongee kidogo na wanaume. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haishuki kutoka mbinguni. Ndizi zinaivishwa, zinachemshwa kwenye pipa masaa mengi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaloweshwa uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ndo vinachanganywa, na wengine wanaweka na gome la msesewe kwa ule uchungu. Wewe unashuka kwenye gari tarehe 24 unapewa kata, lakini mama na wake za ndugu zako wako kwenye kuni zaidi ya wiki. Ongeza machalari, kiburu, kitawa, vyakula vyetu vya ndizi vyote hivyo, na maji ya kuchota kama bomba limekatika, wageni wanalala mpaka sebuleni. Mkeo ambae ni mkamwana pale anaamka saa 10 usiku na analala wa mwisho, alafu mnarudi Dar unamuuliza mbona umenuna. Mi nasema wazi, Krismasi ambayo nusu ya ukoo inasherehekea na nusu inahudumia haijakamilika. Wanaume chinjeni, pasueni kuni, osheni masufuria, wabebeni watoto, vijana wa kiume watumwe jikoni kama wasichana wanavotumwa. Na tumeni hela ya maandalizi mapema, mwanzoni mwa Desemba. Zamani Krismasi ya mlimani ilibebwa na kahawa, mzee anauza chama cha msingi, KNCU, ule ushirika wetu wa kahawa, ilianza 1933 na hela yake ikasomesha watu na ikanunua nguo za Krismasi za nyumba nzima. Sa hivi migomba bado ipo lakini hela ya kahawa sio ile, wazee wanasubiri simu iingie ujumbe, na wanaona aibu kuomba. Msisubiri waombe.

Na pombe kali, naomba ibakie mjini. Ugomvi mwingi wa Krismasi unaanzia kwenye chupa ambazo hata mzee mwenye nyumba hazijui majina, na ule upatanisho mlioufanya tarehe 23 unavunjika tarehe 26 usiku.

Kikao cha ukoo sasa. Tarehe 27 au 28 hivi, watu wamepumzika, mkeka nje, mkubwa anafungua kwa sala. Hapa ndo penye matunda ya yote niliyosema, mana watu waliopatana wanaweza kupanga na ambao hawajapatana wanaweza kupiga kelele tu. Ongeleeni ada za watoto wa marehemu, ongeleeni bima ya wazee na nani anawapeleka kliniki, makaburi yafyekwe lini na nani, harusi za mwaka unaokuja. Na ongeleeni kihamba bila kuogopa. Wajane na mabinti wawepo kwenye huo mkeka, wasiwe jikoni wakati ardhi inaongelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia, kwaiyo mtu asiniambie mila imekataa, mila hiyo hiyo ndo ilituambia tusimnyime mtu haki yake na masale yakapandwa mpakani yawe shahidi. Andikeni mliyokubaliana, kila mtu asaini, kijana mmoja apige picha atume kwa waliobaki.

Mama mmoja aliniuliza hapo mlangoni kabla hatujaanza, je ambae mwaka huu hana nauli? Mama yangu, usiende kukopa. Riba ya mkopo wa Desemba unailipa na ada ya Januari, na shule zinafunguliwa pale pale. Piga simu nyumbani mapema useme ukweli ili wasikutarajie, alafu sikukuu ifanye hapa hapa na mpangilio ule ule, patana na uliekosana nae, nenda ibada na wanao, pika, mpelekee jirani, yule yule wa Kiislamu anaekuletea pilau ya Idi, alafu mkae kama familia muongee mwaka ulivokwenda. Video ya simu mpige bibi awaone wajukuu wamevaa.

Na nyie mnaosafiri kuna mtu mnamsahau. Dada wa kazi nae ana kwao. Kila Desemba tunamchukua tunapanda nae Moshi akatusaidie kupika kwenye sikukuu ya ukoo usio wake, na mama yake yuko Singida au Iringa anamuwaza. Luka anasema kila mtu alienda mjini kwao. Mwachieni aende, mpeni mshahara wa Desemba wote na nauli ya kwenda na kurudi wiki hii hii, mana basi za kwao nazo zinajaa.