Ramani za Jiolojia Zinazovuka Ziwa Tanganyika
(Mhadhara uliotolewa mjini Kigoma)

Ndugu mwenyekiti, walimu, wachimbaji wadogo na wageni waalikwa, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Ziwa hili tunalichangia na Kongo, Burundi na Zambia. Limejaa ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ndiyo maana kina chake kinafika takriban mita 1,470, na ndiyo maana ardhi yetu haijatulia. Wengi wenu mnalikumbuka tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lililobomoa nyumba Kalemie, upande wa Kongo, na kusikika hadi huku. Ufa ni mmoja, ila ramani zake zilichorwa vipande vipande: Waingereza upande huu, Wabelgiji upande wa Kongo na Burundi, kila mmoja kwa lugha yake na kwa majina yake. Hadi leo sehemu kubwa ya kumbukumbu za jiolojia za Kongo za enzi hizo zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Chukueni miamba ya mchanga ya mkoa huu. Katika ramani zetu imezoeleka kuwekwa katika kundi la Bukoba, lakini ukivuka kuingia Burundi, miamba ya kundi hilohilo inaitwa ya Malagarasi. Anayeunganisha karatasi hizo mbili bila kulijua hilo atadhani kwamba mwamba unakoma pale penye kituo cha forodha.

Mwaka 2007 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Brighton, Uingereza, wakakubaliana kuiweka mtandaoni ramani ya jiolojia ya dunia nzima kwa skeli ya 1:1,000,000. Mradi huo, uitwao OneGeology, ulizinduliwa Oslo, Agosti 2008, na baadaye nchi zilizojiunga zikapita mia moja. Jambo lililozishawishi serikali nyingi, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna anayetakiwa kukabidhi ramani yake. Kila taasisi hubaki nayo kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi data na kuzituma mtandaoni. Unapofungua eneo fulani, ombi hutumwa kwa kila seva inayohusika, nayo hurudisha picha ya sehemu hiyo tu, kisha picha hizo hupangwa pamoja mbele yako. Kwa upande wa data zenyewe upo utaratibu wa pamoja, GeoSciML, unaoeleza aina ya mwamba na umri wake kwa istilahi zilizokubaliwa kimataifa, kwa hiyo Bukoba inaweza kubaki Bukoba na Malagarasi ikabaki Malagarasi, huku kompyuta ikitambua kwamba zinafanana.

Wachimbaji mnisikilize hapa. Katika skeli hiyo milimita moja ni kilomita nzima, na kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji hakuzidi sentimita moja. Asije mtu akachimba kisima au shimo la dhahabu kwa kuitegemea! Kwa kazi hiyo zipo karatasi za skeli ya 1:100,000 na 1:125,000, ambazo huulizwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Ramani ya mtandaoni inamfaa anayetaka kuufuata ufa kutoka Burundi hadi Zambia, au anayepanga mahali pa kuweka vipima matetemeko pande zote za ziwa.

Linalonisumbua ni seva. Nchi zisizokuwa nazo zilipewa wenyeji, na taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM, ilikuwa miongoni mwa waliojitolea kuhifadhi ramani za wengine. Kwa kuanzia ulikuwa msaada mkubwa, lakini ukiendelea miaka nenda miaka rudi tutakuwa tumerudi Tervuren kwa njia ya waya. Mafunzo yapo, mradi wa PanAfGeo, ulioanza mwaka 2016 kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, umewafundisha wanajiolojia wengi wa Afrika. Lakini mafunzo hayalipi umeme usiokatika, wala mshahara wa mtu wa kuamka usiku seva inapozima, na gharama hizo mbili lazima ziwe na kifungu chake katika bajeti zetu wenyewe, kila mwaka wa fedha.

Nipo tayari kwa maswali.