Mgonjwa wa Parkinson Anapoona Watu Wasiokuwepo: Mhadhara kwa Walezi, Kisumu

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na ninyi nyote mnaowauguza nyumbani, nawashukuru kwa kufika. Daktari Mwingereza James Parkinson alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika juu ya mtetemeko, kuinama na mwendo wa kujikwaa, akasema kwamba akili na hisi za mgonjwa hubaki salama. Hilo la mwisho halikuthibitika. Leo inajulikana kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa, katika kipindi chote cha ugonjwa, hufikia kuona, kuhisi au kuamini mambo yasiyokuwepo, hali iitwayo saikosisi, nayo ndiyo familia nyingi huificha.

Huanza kidogo kidogo. Mgonjwa huhisi kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake, akigeuka hamwoni. Au paka anapita kando ya jicho lake na kutoweka. Au koti lililotundikwa nyuma ya mlango linakuwa mzee aliyevaa kofia. Baadaye, jioni taa ikiwa hafifu, anawaona watoto wameketi kwenye kochi, kimya kabisa, na anaweza kukueleza hadi vifungo vya mashati yao. Mara nyingi hawamwogopeshi, na mwenyewe anajua kwamba si watu halisi. Ujuzi huo unapompotea, ataanza kuuliza mbona wageni hawajaletewa chai, au atamshuku mke aliyeishi naye tangu ujana kwamba ana mwanamume mwingine, au atasema mkaza mwana ameiba pesa zake. Mke au mkaza mwana anayeshutumiwa hivyo hana budi kujua kwamba chanzo ni ugonjwa, wala si chuki iliyofichwa miaka yote.

Ni nani basi aliye katika hatari zaidi? Umri mkubwa na miaka mingi ya kuugua huchangia, lakini kihatarishi kizito kuliko vingine ni kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra. Wapo pia wenye sonona, na wale wanaopiga kelele na kurusha mateke usingizini kwa sababu miili yao inatenda wanayoyaota. Jambo ninaloona linapuuzwa mno huku kwetu ni macho. Ubongo unaopokea picha hafifu huikamilisha wenyewe, na ubongo wenye Parkinson huikamilisha vibaya. Kwa hiyo mzee mwenye mtoto wa jicho ambaye hajafanyiwa upasuaji, au anayetumia miwani iliyokwisha kupitwa na hali ya macho yake, anabeba hatari inayoweza kupunguzwa.

Kisha kuna dawa zenyewe. Karibu zote hukusudia kuongeza kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na ambayo mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa, na zile zinazoiga dopamini huleta maono kuliko levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Benzeksoli, inayotolewa kwa ajili ya mtetemeko, huvuruga akili ya wazee kwa urahisi. Hata hivyo, msizitupie dawa lawama zote, kwa kuwa maono haya yaliandikwa na madaktari hata kabla levodopa haijaanza kutumika katika miaka ya 1960.

Mabadiliko ya ghafla, ya siku moja au mbili, yachukuliwe kuwa ya dharura. Katika kanda hii ya ziwa, malaria iwe miongoni mwa mambo ya kwanza kupimwa, pamoja na maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, na upungufu wa maji mwilini. Hapo ndipo hutokea kosa ninalolihofia zaidi: mzee anafikishwa hospitalini akiwa na fadhaa, anachomwa haloperidoli au klopromazini, dawa za kutuliza akili zinazopatikana kwa wepesi lakini zinazoizuia dopamini ile ile aliyopungukiwa, na kesho yake hawezi kugeuka kitandani wala kumeza uji. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika ina madhara ya namna hiyo. Mkifika tu, tamkeni mbele ya muuguzi: huyu ana Parkinson.

Daktari mwenye ujuzi hutafuta kwanza maambukizi, kisha hupunguza dawa moja baada ya nyingine, akianza na zile za aina ya benzeksoli na kuiacha levodopa iwe ya mwisho. Ikibidi, huongeza dawa ya kupunguza maono: kwetiapini kwa dozi ndogo, au klozapini, ambayo ushahidi wake ni thabiti zaidi, ila humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi. Kusimamisha levodopa kwa ghafla mkiwa nyumbani kunaweza kuleta kukakamaa vikali kwa mwili, homa kali na hata kifo.

Wazee wengi hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba wamerogwa au wameingiwa na wazimu. Waulizeni kwa upole: “Baba, kuna unachokiona ambacho sisi hatukioni?” Akikubali, msibishane naye, wala msijifanye mnaona, washeni taa, mkae karibu naye. Kisha andikeni alichokiona, saa alizokiona, dawa anazomeza na saa zake, na mara ya mwisho alipopimwa macho, mkaipeleke karatasi hiyo kliniki.